Kesi ya Mbweha Masikio

Watu wengi hudhani kwamba karani ni mtu wa kuandika maneno ya wengine, wala hana neno lake mwenyewe. Kwa muda wa miaka kumi na miwili nimeshika kazi hiyo katika ofisi ya serikali hapa Suna, na barua nilizowaandikia watu sizijui hesabu yake. Leo naomba nafasi niandike neno langu mimi, nalo si la kujisifu. Ni habari ya kosa nililolitenda, na ya mnyama mdogo aliyekaribia kuhukumiwa kwa ajili yake.

Ilikuwa mwezi wa Mei, mvua za masika zikikaribia kwisha. Nilikuwa na mbwa mmoja mwekundu, jina lake Askari, aliyelinda boma langu kwa miaka minne. Siku moja alikataa ugali wake akaenda kujificha chini ya ghala. Kesho yake sauti yake ilibadilika, akawa anabweka kama mtu aliyepwelewa. Mate yalimtoka, akauma nguzo za zizi. Mke wangu akaniambia, “Baba watoto, mbwa huyu si mzima. Mfunge kabla hujaondoka.” Nikamjibu kwamba nina haraka ya kwenda kazini, nitamtazama jioni.

Kabla ya jioni Askari alikuwa amekwisha kumwuma mguuni mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka saba, aliyekuja kututembelea. Sisi Wajaluo mtoto wa dada humwita okewo, na kila mtu ajua heshima yake katika boma la wajomba zake. Basi fikirini aibu yangu: mtoto alikuja kwangu mzima, nami nilikuwa nimrudishe kwa mama yake na alama za meno ya mbwa wangu.

Bibi mmoja jirani alileta majani ya kufunga jeraha. Mke wangu alimshukuru kwa adabu, lakini hakuyatumia. Alikuwa amesikia mafundisho ya kliniki, akamkalisha mtoto kando ya mtungi, akaliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa robo saa nzima, ingawa mtoto alilia sana. Mahali pa kwanza tulipokwenda tuliambiwa dawa imekwisha. Tukapanda pikipiki tukaenda hospitali nyingine, na huko akachomwa sindano ya kwanza usiku ule ule. Zile zilizobaki alizipata kila moja kwa siku yake. Askari aliuawa, na Bwana Mifugo akapeleka kichwa chake kupimwa. Jibu lilirudi: kichaa cha mbwa.

Habari hiyo ilipoenea, wazee walikutana chini ya mti karibu na duka. Kila mmoja aliuliza, je, ugonjwa huu umetoka wapi? Mzee mmoja, ambaye katika ujana wake alichunga ng'ombe upande wa Umasaini, alisimama akasema anamjua mwenye kuuleta. Alisema, “Ni mbweha yule mwenye masikio kama ya popo. Mchana hulala shimoni, usiku hutembea akiinamisha kichwa kama mgonjwa. Yeye ndiye huwatia mbwa wetu wazimu, naye ndiye humaliza kuku.” Wengi walikubali. Vijana wakasema watatafuta sumu, waitie katika nyama, waitupe vichakani mpaka mbweha wote waishe. Nami nikaambiwa, “Wewe karani, tuandikie barua ya kumwarifu chifu, ili watu wasije wakatulaumu.”

Nilichukua kalamu, lakini mkono wangu ulikuwa mzito. Waswahili husema msema pweke hakosi, na katika shauri lile mshitakiwa hakuwa na wa kumsemea. Zaidi ya hayo, moyoni mwangu nilikuwa na jambo nisilotaka kulisema bado. Nikaomba wanipe majuma mawili.

Shemeji yangu ni mwalimu upande wa Lolgorian. Jumamosi iliyofuata nilipanda matatu, nikapita Kehancha, nikafika kwake jioni. Nilimweleza shauri lote, naye akacheka, kisha akanihurumia. Kesho yake rafiki yake mmoja mwenye gari alikuwa na safari ya kuteremka ukingo wa Oloololo kuingia mbugani Masai Mara, akakubali kutuchukua. Mimi niliyezaliwa karibu hivyo na mbuga ile, ambayo watu huvuka bahari kuja kuitazama, sikuwahi kuiona hata siku moja!

Jua lilipokuwa likishuka, askari wa mbuga aliyefuatana nasi alimwambia dereva asimamishe gari, akatuonyesha kwa kidole. Katika majani mafupi walikuwako wanyama wawili, dume na jike, wadogo kuliko mbwa wa kwetu. Rangi yao ni ya kijivu iliyochanganyika na hudhurungi. Miguu ni myeusi, na machoni wana weusi kama mtu aliyevaa miwani ya jua. Lakini masikio! Urefu wake ni kama sentimita 12 au 13, na mnyama mwenyewe uzito wake ni kilo tatu hadi tano tu. Mmoja alitembea polepole, kichwa kimeinama, masikio yameelekea ardhini. Alisimama ghafula, akasikiliza, akafukua haraka kwa makucha, akatafuna, akaendelea. Hapo nikamkumbuka mzee wetu. Aliona sawasawa, ila alifahamu vingine. Yule mnyama hainamishi kichwa kwa ugonjwa, bali kwa kutafuta chakula. Asikiliza wadudu wanaotembea chini ya udongo.

Askari yule alikuwa mtu mwenye maarifa, na maswali yangu hayakumchosha. Alitueleza kwamba mbweha masikio ana meno 46 hadi 50, ambapo mbwa ana 42. Meno hayo ni madogo, hayakuumbwa kwa kurarua nyama ya mbuzi. Chakula chake kikubwa ni mchwa, hasa wale wanaokata majani na kuyaingiza shimoni. Hula pia mende wa mavi na funza wao, panzi, na mara chache panya au makinda ya ndege. Yasemekana kwamba mbweha mmoja aweza kula mchwa zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Mkulima aliyewahi kuona malisho yake yakikatwa na mchwa wakati wa ukame aweza kuhesabu mwenyewe faida hiyo.

Jambo lililonigusa zaidi ni malezi yao. Dume na jike hukaa pamoja, mara nyingi miaka mingi. Watoto wakizaliwa, jike huenda kutafuta chakula ili apate maziwa, na dume hukaa shimoni kuwalinda watoto, kuwasafisha na kucheza nao. Wakikua kidogo, yeye ndiye huwatoa kuwafundisha kusikiliza mchwa. Shemeji yangu akanitazama akasema, “Unasikia, shemeji? Huyu hangesema, nitamtazama jioni.” Nilinyamaza, kwa kuwa sikuwa na jibu.

Sasa niwaeleze makao yake. Mbweha masikio wa Afrika ni makundi mawili yaliyotengana. Kundi moja ni la kusini: Afrika Kusini, Namibia, Botswana na nchi za jirani. La pili ni letu la mashariki, kuanzia Ethiopia na Sudani Kusini, kupita Somalia, Uganda na Kenya, mpaka Tanzania. Kati ya makundi hayo pana nafasi ya kiasi cha kilomita 1,000 ambayo mbweha hawa hawamo. Kundi letu la mashariki liliandikwa katika vitabu vya elimu mwaka 1909 na mtaalamu wa Marekani, Gerrit Miller, kwa mnyama aliyepatikana Naivasha hapa hapa Kenya. Wataalamu wameona tena kwamba karibu nchi yote anamokaa mbweha huyu ndiyo nchi ya mchwa wale wakata majani. Penye mchwa hao na majani mafupi, naye yupo. Pasipo nao, hayupo. Ndiyo sababu aonekana Mara, Amboseli, Tsavo na Samburu, katika nchi kavu na wazi. Suna yetu ni nchi ya mvua na vilima, ya mahindi, miwa na tumbaku. Huku si kwao. Yule aliyeshitakiwa kwa wizi wa kuku wetu hakai huku hata kidogo.

Lakini sitaki kuwadanganya. Wapo mbweha wengine, kama yule mwenye mgongo mweusi na yule mwenye mstari ubavuni, nao hula nyama na waweza kuiba kuku au mwana-mbuzi. Mtu akiona mbweha mmoja, huwahukumu wote kwa jina. Kwa njia hiyo mla mchwa ameuawa mahali pengi kwa makosa ya jamaa zake.

Nilimwuliza askari, “Je, mnyama huyu yumo hatarini kwisha?” Akajibu kwamba Umoja wa Kimataifa wa Kuhifadhi Maumbile, unaoandika orodha ya wanyama na hali zao, ulipomchunguza mwaka 2014 ulimweka katika daraja ya wale ambao hofu yao ni ndogo kabisa. Nikafurahi, nikasema basi hakuna neno. Akanitazama akasema, “Bwana karani, hesabu ya nchi nzima yaweza kuonyesha mahindi tele, na huku nyumba moja yalala njaa. Afrika nzima mbweha masikio yupo. Lakini uwanda mmoja waweza kubaki mtupu kwa msimu mmoja, na kinachouacha mtupu mara nyingi si simba wala chui. Ni ugonjwa.”

Kisha akatueleza mambo ya Serengeti, ambayo ni ardhi moja na Mara, imetengwa na mpaka wa ramani tu. Huko mbweha hawa walichunguzwa katika miaka ya 1980, na vifo tisa katika kila kumi vilivyojulikana vilitokana na maradhi, kichaa cha mbwa kikiwa mbele. Mwaka 1994 ulizuka ugonjwa mwingine wa mbwa, uitwao distempa, unaoanza kwa homa na makamasi na kuishia kwa kutetemeka na kifafa. Katika mwaka huo simba wapatao 1,000 walikufa, yaani kama theluthi moja ya simba wote wa Serengeti, na ugonjwa ukafika mpaka Mara. Fisi walikufa, na mbweha masikio walikufa. Katika milima ya Bale, Ethiopia, yuko mnyama mwekundu wa jamii hiyo, ambaye zamani wengine walimwita mbweha wa Simien. Wakubwa waliosalia duniani hawafiki 500, na kichaa cha mbwa kimewapiga tena na tena, kikiletwa na mbwa wa wachungaji.

Neno hilo la mwisho ndilo lililonishika. Kikiletwa na mbwa wa wachungaji! Nikamwuliza kama ndivyo ilivyo na huku. Akasema ndivyo. Wataalamu waliofuata njia za ugonjwa kandokando ya Serengeti wameona kwamba kichaa huendelea kuishi kwa sababu ya mbwa wa vijijini. Mbweha aliyeambukizwa aweza kumwuma mbwa, hilo si uongo, na mtu yeyote asimguse mnyama wa mwitu asiyeogopa watu. Lakini mbwa wakikingwa, ugonjwa huzimika hata kwa wanyama wa mwitu, kama moto uliokosa kuni. Na katika watu wanaokufa kwa kichaa duniani, 99 katika kila 100 waliambukizwa na mbwa.

Basi sikulala vizuri usiku ule. Sisi tulikuwa tumeketi chini ya mti kumhukumu mbweha kwa kutuletea kichaa, kumbe mbwa wetu ndio wapelekao kichaa kwa mbweha. Na mbwa wangu mimi alikuwa miongoni mwao.

Niliporudi, wazee walikutana tena, na naibu wa chifu alikuwapo. Niliwaeleza yote niliyoyaona. Halafu nikasema lile nililolificha. Nikawaambia, “Wazee wangu, miezi mitatu kabla mtoto hajaumwa, ofisini petu lilitolewa tangazo kwamba mbwa wote wa sehemu hii waletwe kuchanjwa. Tangazo hilo nililipiga chapa mimi kwa vidole vyangu. Nililibandika mlangoni mimi. Siku ilipofika, mimi niliketi mezani nikiandika majina ya wenye mbwa, na mbwa wangu alikuwa amelala nyumbani. Nilisema, nitamchanja mara nyingine. Kama mnatafuta aliyeleta kichaa katika boma langu, msiende vichakani. Ni mimi.”

Watu wakanyamaza kwa muda. Dada yangu alikuwa ameketi nyuma na mtoto wake, nami sikuweza kumtazama usoni. Halafu yule mzee aliyechunga Umasaini akainuka kwa fimbo yake. Nilidhani atanikemea. Akasema, “Mimi nina mbwa watatu, wala sikumleta hata mmoja. Nilidhani tangazo lile ni la watu wenye mbwa wa kizungu.” Nikamwambia, “Jaduong', chanjo ni ya mbwa yeyote mwenye meno.” Watu wakacheka, na moyo wangu ukapata nafuu. Barua niliyoandika siku ile haikuwa ya sumu. Ilimwomba Bwana Mifugo aje tena na sanduku lake la dawa. Alikuja, na wazee walikuwa wa kwanza kufika, wakivuta mbwa wao kwa kamba za katani.

Wasomaji wapendwa, naomba mnivumilie nitoe nasaha chache.

Kwanza, mchanje mbwa wako kila mwaka, na usingoje mara nyingine. Serikali ya Kenya mwaka 2014 iliweka mpango wa kukiondoa kichaa cha mbwa kabla ya mwaka 2030 kwisha. Mpango huo wataka mbwa wasiopungua 70 katika kila 100 wachanjwe mwaka hata mwaka. Hesabu hiyo haiwezi kufikiwa na Bwana Mifugo peke yake, kwa kuwa yeye ana dawa, lakini kamba ya mbwa iko mkononi mwako. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pili, mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayomwagika kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, ajapokuwa jeraha ni dogo. Dalili za kichaa zikikwisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna aponaye. Sindano zilizopangwa zimalizwe zote.

Tatu, tusitupe sumu katika nyama. Sumu haichagui. Itamwua mbwa wa jirani, na tai wanaosafisha mizoga, na pengine mtoto. Tena huvunja sheria ya nchi inayolinda wanyama wa mwitu. Kama kuku wanapotea, tujenge banda imara lenye mlango wa kufungwa jioni, kwa maana mwizi wa kuku akikuta mlango umefungwa hurudi alikotoka, awe ana miguu minne au miwili.

Nne, mwenye mbwa asimwache azurure, na wanaohamisha mifugo kuelekea mbugani wahakikishe mbwa wao wamechanjwa kwanza. Mbweha hana mahali pa kwenda kuchanjwa. Hana tangazo wala karani wa kuandika jina lake. Kinga yake iko katika mbwa wetu.

Mtoto wa dada yangu ni mzima, na shukrani kwa Mungu ameanza tena kuja kututembelea. Siku ya kwanza aliyorudi alisimama mbali langoni, akauliza kama tuna mbwa. Mke wangu akamwambia tunaye mdogo, amefungwa. Mtoto akaniuliza, “Mjomba, huyu amechomwa sindano?” Nikaingia ndani nikamletea kadi ya chanjo, ambayo nimeitundika ukutani kando ya cheti changu cha shule. Akaisoma pole pole, herufi moja moja, mpaka akafika penye tarehe na sahihi. Ndipo akaingia.